Macho ya Katibu ni Mali ya Wanachama

Mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, kabla ya kufunguliwa kwa msimu. Yanachapwa hapa kwa ombi la wajumbe waliotaka yasomwe pia katika mikutano ya vyama vyao.



Mmezoea kuniona nikifika kwenu na mkoba wa mafaili, nikiuliza daftari la mapokezi liko wapi na stakabadhi namba fulani imekwenda wapi. Leo sikuja kukagua. Nimemwomba Mwenyekiti anipe nafasi nizungumze juu ya macho. Huenda wapo wanaojiuliza: mkaguzi wa ushirika na macho, wapi na wapi? Mimi si tabibu, wala sina nia ya kuvaa joho la tabibu. Lakini kazi yangu ni kulinda mali ya wanachama, nami nimekuja kutambua, kwa kuchelewa na kwa aibu, kwamba mali hiyo yote hupita katika macho ya watu wachache: karani wa mizani, katibu, mweka hazina, na mkaguzi mwenyewe. Macho hayo yakipungua nguvu bila mtu kusema, hesabu za chama kizima hupungua ukweli.

HESABU ZILIZOKATAA KULINGANA

Misimu mitatu iliyopita nilitumwa kukagua chama kimoja cha msingi. Sitakitaja jina, wala sitamtaja katibu wake. Wanachama walikuwa wamechacha. Kilo zilizoandikwa katika daftari la mapokezi hazikulingana na zile zilizo katika stakabadhi za wakulima, na zote mbili hazikulingana na uzito uliopokelewa katika ghala kuu. Katibu alikuwa mtu wa makamo aliyepita miaka 50, naye alikitumikia chama tangu alipokuwa karani. Nje ya ofisi watu walikuwa wakisema waziwazi kwamba ameiba.

Nilikaa na vitabu vile siku tatu. Siku ya kwanza nami niliamini kuwa ni wizi. Siku ya pili nikaona jambo la ajabu: makosa yalikwenda pande zote mbili. Mkulima mmoja mwenye kilo 183 aliandikiwa 133. Mwenziwe mwenye kilo 136 aliandikiwa 186. Mmoja alipunjwa kilo 50, mwingine akaongezewa kilo 50. Nikaona pia kwamba tarakimu zilizokosewa ni zile zile kila mara: 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6. Tena karibu makosa yote yalikuwa katika kurasa zilizoandikwa jioni, siku zile ambazo wakulima walikuwa wengi na kazi ikaendelea hadi taa kuwashwa. Mwizi ana mwelekeo, ndugu zangu. Huchota upande mmoja na kuweka upande mmoja. Makosa haya hayakuwa na mwelekeo.

Siku ya tatu nilimwomba katibu anisomee ukurasa mmoja. Akalishika daftari, akanyoosha mkono wote, akarudisha kichwa nyuma, kisha akasema, "Ndugu Mkaguzi, mwanga wa humu si mzuri." Nikalichukua daftari ili nisome mwenyewe. Nami nikanyoosha mkono. Tarakimu zilikuwa kama sisimizi waliotawanyika. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 44. Tulitazamana. Aliyetusomea ukurasa ule alikuwa karani wa mizani, kijana, naye aliusoma bila taabu yoyote, akiwa amesimama nyuma yetu.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mkaondoka mkicheka. Lakini hapana budi niseme na lililobaki. Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka katibu wa chama kingine, ambaye misimu miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeandika katika taarifa yangu kwamba hesabu zake haziaminiki, na kwa maneno hayo bodi ikamwondoa kazini. Niliporudi ofisini nilitoa nakala ya faili lile nikalipitia upya, mara hii nikiwa na miwani. Humo nako makosa yalikwenda pande zote mbili. Tena moja kati ya makosa niliyomhesabia halikuwa lake: yeye aliandika 8 iliyo sawa, mimi ndiye niliyeisoma 3.

Niliandika taarifa ya marekebisho, nikaenda mwenyewe mbele ya mkutano mkuu wa chama kile, nikasema kwamba nilikosea. Jina lake lilisafishwa. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuitwa watoto wa mwizi. Hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Ungeniuliza kama naona." Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Nisieleweke vibaya. Miwani haifuti wizi, na mkaguzi hatakubali kila upotevu ufichwe nyuma ya macho mabovu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumhukumu mtu, tujue kwanza kama anaona.

JICHO LINAVYOZEEKA

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wataalamu wa macho, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Mwanga huingia jichoni kupitia kioo cha mbele, kilicho safi kama maji, kiitwacho konea. Nyuma yake iko mboni, yaani tundu linalopanuka gizani na kusinyaa juani. Nyuma ya mboni ipo lenzi, na nyuma kabisa lipo pazia linalopokea picha, liitwalo retina. Kutoka hapo mshipa wa fahamu huichukua picha na kuipeleka kwenye ubongo.

Lenzi ya kijana ni laini. Anapotazama kitu cha karibu, misuli midogo iliyomo ndani ya jicho huifanya lenzi iwe nene, naye akaona vizuri. Kadiri miaka inavyokwenda, lenzi hukakamaa. Mtu afikapo umri wa miaka 40 hivi, lenzi haifanyi tena kazi ile kwa wepesi, na maandishi ya karibu huanza kufifia, hasa jioni. Anaona vizuri mti ulio mbali, lakini hasomi stakabadhi iliyo mkononi. Hali hii si ugonjwa, haiambukizi, wala haitokani na kusoma sana. Humpata kila binadamu anayejaliwa kuishi, awe amesoma au hakusoma. Mama anayeshindwa kutunga uzi katika sindano, au anayeacha vijiwe katika mchele, amepatwa na jambo lile lile lililompata katibu wangu.

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, wataalamu waliwapima wanakijiji waliofikisha miaka 40 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Zaidi ya nusu yao walikuwa na upungufu huu, na waliokuwa na miwani ya kusomea walikuwa wachache mno. Kwa hiyo katika ukumbi huu, ambamo wengi wetu tumekwisha vuka umri huo, tusidanganyane. Tupo wengi.

Dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu katika tiba yote ya macho. Lakini faida yake ni kubwa kuliko bei yake. Huko Assam, nchini India, wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja likapewa miwani ya karibu mara moja, na jingine likasubiri. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wale wasiopewa. Hao ni watu wanaochuma majani kwa mikono, wala hawaandiki. Bangladesh nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watu wa vijijini wenye kazi za mikono waliopewa miwani kama hiyo walionekana kuongeza kipato chao kwa kiasi cha theluthi moja. Kama miwani inamfaa mchuma chai, je, haimfai zaidi mtu anayeandika kilo za wenzake?

Zipo hofu mbili zinazosemwa vijijini. Ya kwanza ni kwamba ukianza kuvaa miwani macho yatazoea na kuharibika zaidi. Si kweli. Lenzi itaendelea kukakamaa uvae au usivae. Ndiyo maana baada ya miaka kadhaa utahitaji miwani yenye nguvu zaidi. Hofu ya pili ni aibu: kwamba katibu akivaa miwani wanachama watasema amezeeka, wamtafute kijana. Hofu hii naijua, kwa kuwa nami nilikuwa nayo. Nilinunua miwani, nikaiweka mfukoni miezi miwili bila kuivaa mbele ya watu. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Katika kazi yetu, anayeumbuka si mficha peke yake bali na wanachama anaowahudumia.

Hata hivyo, usinunue miwani sokoni ukadhani umemaliza. Pimwa kwanza. Yapo magonjwa mengine ambayo miwani haiyaoni, nayo huendelea kuliharibu jicho huku wewe ukisifu miwani yako mpya.

MAGONJWA TUNAYOPASWA KUYAJUA

La kwanza ni mtoto wa jicho. Hapa lenzi, ambayo inapaswa kuwa wazi, huingia ukungu, na mboni huweza kuonekana nyeupe au ya kijivu. Mara nyingi huja na uzee, lakini huweza kuletwa na jeraha, kisukari, au matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa, na hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa nao. Ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na ndio unaotibika vizuri zaidi. Hakuna matone, majani wala chakula kinachouondoa. Tiba yake ni upasuaji: lenzi yenye ukungu huondolewa na mahali pake huwekwa lenzi ya kutengenezwa. Mgonjwa hupigwa ganzi jichoni, na kwa kawaida kazi haimalizi saa moja. Wapo wazee wanaoambiwa na majirani wangoje uive. Wasingoje. Mara kuona kunapomzuia mtu kufanya shughuli zake, aende akaangaliwe.

La pili ni glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho. Jina hili limewapotosha wengi, wakadhani ni sawa na presha ya damu. Si sawa. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, mkandamizo hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Kwa kawaida hayaumi. Huanza kula pembeni mwa uoni, na kwa kuwa katikati bado unaona, hujui kitu, hadi siku unayojikuta ukigonga mlango na kujikwaa kwenye magunia. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, lakini uliobaki huweza kulindwa kwa dawa ya matone ya kila siku au kwa upasuaji. Watu wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi, na maradhi haya hutembea katika ukoo. Uchunguzi uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kiasi cha watu 4 katika kila 100 waliozidi miaka 40 wakiwa nayo. Basi mwenye mzazi, kaka au dada aliyepofuka polepole bila maumivu, asingoje dalili. Apimwe.

La tatu ni macho ya wenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu iliyo katika retina, na mishipa hiyo huweza kuvuja. Hapa nako mwanzo wake ni wa kimya. Mwanachama yeyote aliyeambiwa ana kisukari achunguzwe retina mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

La nne ni vikope, ugonjwa ambao waganga huuita trakoma. Huu waambukiza, nao hupita kwa vidole, nguo na inzi kutoka uso mmoja mchafu hadi mwingine, hasa kwa watoto wadogo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, sehemu ya ndani ya kope hupata makovu. Akiwa mtu mzima kope hujikunja, nywele zake zikakwaruza jicho kila anapopepesa, hadi konea ikawa nyeupe. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Tangu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani limehimiza njia nne kwa pamoja: upasuaji wa kope zilizokunjwa, dawa kwa jamii nzima, kuosha nyuso, na mazingira safi yenye vyoo na maji. Katika vijiji vya Kongwa ilionyeshwa, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995, kwamba uso safi wa mtoto hupunguza makali ya vikope. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wameushinda ugonjwa huu kama tatizo la jamii. Basi inawezekana, na maji ya kuoshea uso wa mtoto ni kidogo.

Kwa watoto nitasema machache. Mtoto asiyeona kukiingia giza huenda amepungukiwa vitamini A. Apelekwe kituo cha afya, apewe matone ya vitamini yanayotolewa kwa watoto wadogo, akamilishe chanjo ya surua, na ale papai, maembe, mchicha, matembele, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai na maini. Mtoto anayesogea ubaoni ili asome, au anayekodoa macho, apimwe kabla ya kuitwa mjinga. Na mzazi akiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, au makengeza yaliyozuka ghafla, asikawie hata wiki moja, kwani huweza kuwa ni mtoto wa jicho au saratani, na saratani hiyo haitishii jicho peke yake bali na uhai.

HATARI ZA SHAMBANI KWETU

Ndugu wakulima, sisi tunaolima korosho tunajua kazi ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga. Tunaamka alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umetulia, mashine inanguruma, na vumbi la njano linapanda. Likirudi, hurudi usoni. Macho huwasha, hutoa machozi na kuwa mekundu, na wengine hulichukulia jambo hilo kuwa ni sehemu ya kilimo. Sivyo. Mpuliziaji avae miwani ya kinga inayoziba pande zote, si ile ya jua iliyo wazi pembeni. Aangalie upepo, asiufuate uso. Asijifute macho kwa mkono au kwa shati lenye salfa. Watoto wasiwe chini ya mikorosho saa hizo.

Dawa yoyote ya shambani, chokaa au saruji ikiingia jichoni, neno ni moja: maji. Fumbua kope kwa vidole, mimina maji safi bila kukoma kwa muda wa dakika 15 hadi 20, ukigeuza kichwa ili maji yasiende kwenye jicho la pili. Usitafute kwanza gari, wala usitafute kwanza daktari. Osha kwanza, kisha nenda hospitali ukiwa na chupa au mfuko wa dawa ile, ili mganga aone ni dawa gani. Chokaa ni mbaya kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu huendelea kupenya ndani. Hali kadhalika swila akikutemea mate machoni, osha kwa maji mengi upesi, kisha nenda hospitali.

Jicho likichomwa na mwiba, kijiti au kipande cha chuma, usilisugue wala usikichomoe kilichozama. Lifunike bila kulibana, uende hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kidogo cha konea huweza kugeuka kuwa kovu jeupe la maisha.

Sasa nizungumze jambo ambalo laweza kuwachukiza baadhi ya wazee wangu. Tusiweke jichoni maji ya majani, mkojo, wala unga wa aina yoyote. Siidharau miti yetu, maana ipo iliyotufaa. Lakini jicho ni laini, na maji ya majani hayakuchujwa wala kupimwa. Huweza kubeba vijidudu au ukali unaotoboa konea. Dawa za matone za dukani nazo zina hatari yake. Baadhi yake zina steroidi, ambazo huondoa wekundu kwa siku mbili tatu na mtu akafurahi, lakini zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Matone aliyopewa jirani ni ya jirani.

MAMBO YANAYOMHUSU MWANACHAMA ASIYEONA

Nimesema mengi juu ya macho ya katibu. Lakini yapo na macho ya mwanachama. Mzee mwenye mtoto wa jicho huletewa hati ya malipo, akashikwa kidole, akakibonyeza kwenye wino. Hajui pameandikwa nini. Anaondoka akiwa na imani tu. Mwanachama asiyeona haki yake huwa ameiweka mikononi mwa mwenziwe, na mikono si yote sawa. Kwa hiyo naomba kila chama kiwe na desturi hii: mwanachama yeyote asiyeweza kusoma, kwa sababu yoyote ile, asomewe kwa sauti kilo zake, bei, makato na kiasi anachopokea, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe, kabla ya kutia dole gumba. Jambo hili halina gharama yoyote.

NINAYOYAPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, maneno matupu hayapimi macho. Naomba vyama vyetu viyapeleke mambo yafuatayo mbele ya bodi na mikutano mikuu:

1. Kila katibu, mweka hazina na karani wa mizani aliyefikisha miaka 40 apimwe macho kabla ya msimu kufunguliwa, na gharama yake iingizwe katika makisio ya chama na kupitishwa na mkutano mkuu. Alhamisi ya pili ya mwezi wa Oktoba ni Siku ya Kuona Duniani, na minada yetu huanza karibu na wakati huo. Basi upimaji uwe umekwisha kabla ya siku hiyo.

2. Uzito usomwe kwa sauti na karani, urudiwe kwa sauti na mwandishi, na mkulima mwenyewe aisikie namba yake. Kilo ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu zinaweza kufanana. "Thelathini" na "themanini" huandikwa tofauti.

3. Kazi ya daftari ifanyike mchana. Pasipo budi kuandika usiku, taa iwe ng'avu, nayo ikae upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya ukurasa. Wino uwe mweusi au wa buluu iliyoiva.

4. Chama kinaponunua au kugawa salfa, kigawe na miwani ya kinga kwa wapuliziaji wake, na chombo cha maji safi kiwe shambani.

5. Kila chama kiorodheshe wanachama na wazazi wao wasioona vizuri, kiombe ratiba ya huduma za macho katika hospitali ya wilaya au mkoa, na kiwapeleke kwa pamoja. Nauli ya mtu mmoja humshinda mzee. Nauli ya watu 15 katika gari moja ni jambo la ushirika.

6. Mkaguzi naye apimwe. Hili sipendekezi kwenu, nalipendekeza kwetu. Nami nimekwisha kuanza.

Wapo watakaosema kwamba fedha ya ushirika si ya hospitali. Nawakumbusha kwamba misingi ya ushirika iliyotangazwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995 ni saba. Wa tano ni elimu, mafunzo na taarifa, na wa saba ni kujali jamii. Na kwa wale wanaopenda hesabu kuliko misingi, nitatoa hesabu. Tuseme korosho ni shilingi 2,000 kwa kilo. Kosa moja la kusoma 183 kuwa 133 ni kilo 50, yaani shilingi 100,000 za mkulima mmoja, kwa mstari mmoja wa daftari, kwa jioni moja. Daftari lina mistari mingapi, na msimu una jioni ngapi? Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba watu wasiopungua milioni 1,000 duniani wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuiwa, au ambao ulikuwa bado haujashughulikiwa. Wengi wa hao hawahitaji miujiza. Wanahitaji miwani, au upasuaji wa muda mfupi, au mtu wa kuwauliza.

Namalizia kwa ombi dogo. Mkirudi vijijini kwenu, kabla ya kufungua ajenda, kila mmoja achukue stakabadhi ya msimu uliopita, aishike kwa umbali wa kawaida wa kusomea, aisome kwa sauti. Atakayenyoosha mkono asichekwe. Atakayesema mwanga si mzuri apelekwe nje kwenye jua, asome tena. Na ikiwa bado hasomi, aambiwe kwa upole na wenziwe kwamba ni wakati wa kupimwa. Fanyeni hivyo sasa, wakati vitabu viko safi na hakuna aliyetuhumiwa. Katibu yule alinitaka nimwulize kama anaona. Sikumwuliza. Nawaombeni ninyi mwulizane.